Kupanda Mweka bila kuishiwa: mwongozo wa mbio ndefu kwa mkimbiaji wa Moshi na Arusha

Kila mwaka, Februari inapoelekea kuisha, barabara ya Mweka inayopanda kutoka Moshi hujaa watu wenye namba kifuani wanaotembea. Wengi wao si wavivu, na pumzi wanayo. Kilichowaishia ni sukari ya misulini. Waliichoma kule chini kwenye tambarare, ubaridi wa alfajiri haujaondoka, wakifukuzana na watu wasio wa saizi yao. Mwongozo huu unahusu hilo kuliko jambo jingine lolote. Unamfaa anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi tangu 2003, awe wa kilomita 21 au 42. Wa kilomita 5 avae raba zake tu, aende akafurahi.

Anza na hesabu

Kilomita moja ya kukimbia hugharimu takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako, uikimbie haraka au taratibu. Mwenye kilo 60 atatumia kalori kama 1,260 kwenye nusu marathon na zaidi ya 2,500 kwenye marathon nzima. Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, sukari ya akiba: gramu 300 hadi 500 kwenye misuli, na kama 100 kwenye ini. Kila gramu hutoa kalori nne. Jumlisha, utapata kalori 1,600 hadi 2,400, na huwezi kuzitumia hadi tone la mwisho.

Mafuta ya mwilini ni habari nyingine. Hata mtu mwembamba anayo ya kutosha kumtoa Arusha hadi Dodoma kwa miguu. Ila mafuta huchomeka polepole na hudai oksijeni zaidi, kwa hiyo kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoyaacha na kukimbilia sukari. Ndiyo maana watu wawili wenye uzito sawa na akiba sawa wanaweza kuanza pamoja, mmoja akaishiwa kilomita ya 28 na mwenzake akamaliza anaongea.

Madaktari wa Boston waliliona hili zamani. Mwaka 1924 walipima damu ya wakimbiaji wa marathon ya mji huo na kukuta baadhi ya waliofika hoi sukari yao imeshuka sana. Mwaka uliofuata wakimbiaji waliongezewa wanga kwenye chakula na kupewa peremende njiani, wakafika wakiwa na hali nzuri zaidi. Karne imepita, na bado kuna mtu atakwambia mwanamume halisi hukimbia na maji matupu.

Hatua ya kwanza: punguza kasi ya siku za kawaida

Mtafiti Stephen Seiler alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, kupiga makasia na kuteleza kwenye theluji, alikuta takribani asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya taratibu. Vikali ni vichache, na huwa vikali kweli. Kwetu ni kinyume: kila siku tunakimbia kasi ya katikati, inayochosha lakini haikomazi.

Kipimo hakihitaji saa ya bei. Kimbia na mtu umsimulie jambo. Ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila kuikata, uko sawa. Ukijibu kwa "ehe" na "ndiyo" tu, umezidisha. Mlima ukikufanya uheme, tembea. Njia za Kibosho na Uru hazina huruma kwa anayeanza, na kutembea kwenye mwinuko mkali si aibu, ni mazoezi yaleyale.

Mbio hizi za taratibu zinajenga vitu visivyoonekana. Mishipa midogo ya damu huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mitokondria, vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyochoma mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni, huongezeka. Mtafiti John Holloszy alionyesha mwaka 1967 kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza uwezo wa mitokondria ya misuli yao karibu mara mbili. Matokeo yake kwako ni kwamba kasi ileile iliyokuwa ikila sukari sasa inaendeshwa kwa mafuta. Inachukua wiki nyingi, haiharakishwi.

Vikundi vya jogingi vya Jumamosi ni vizuri kwa kuamshana, lakini vina ugonjwa mmoja: kilomita mbili za mwisho kila mtu anageuka mshindani. Siku isiyo ya kasi, waache waende.

Hatua ya pili: panga wiki kumi na sita

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa Februari, unaanza mapema Novemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha. Sharti ni uwe tayari unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Kama huwezi, lenga mwaka unaofuata.

Siku nne zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia:

- Jumanne: dakika 40 hadi 60, taratibu.
- Alhamisi: siku ngumu pekee ya wiki.
- Ijumaa: dakika 30, taratibu sana, au pumzika kama miguu mizito.
- Jumamosi: mbio ndefu.

Nimeweka mbio ndefu Jumamosi kwa sababu Jumapili wengi wetu tuna ibada, na hakuna jambo gumu kama kusimama kwenye wimbo wa nne huku misuli ya paja inatetemeka. Anza na kilomita 10. Ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili ushike ulichoufundisha. Wa nusu marathon afike 18 hadi 20. Wa marathon nzima afike 30 hadi 32, mara mbili au tatu tu.

Alhamisi, badilisha kati ya vipindi viwili. Kimoja ni dakika 20 mfululizo kwa kasi ambayo unaweza kusema maneno matatu manne halafu unahitaji hewa. Kingine ni dakika tatu za kupanda mlima kwa nguvu, mara tano, ukishuka taratibu katikati. Dakika kumi za mwanzo na za mwisho ni za mbio nyepesi.

Hapa kuna uvumi wa kufukuza: kwamba maumivu ya siku ya pili yanaletwa na asidi iliyobaki kwenye misuli. Laktati, ambayo ndiyo wanayoiita asidi hiyo, husafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza, na ukiwa unakimbia, moyo na misuli huitumia kama chakula. Maumivu ya kesho yanatoka kwenye michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli. Hilo linatupeleka kwenye hatua ambayo karibu kila mtu huiruka.

Hatua ya tatu: jifunze kushuka

Mbio za Moshi zinaanzia kwenye mita kama 830 juu ya usawa wa bahari na kufika kama 1,150 upande wa Mweka. Wa marathon nzima huanza na tambarare ya barabara ya Dar es Salaam, hurudi mjini, kisha hupanda na kugeuza kwenye kilomita ya 32 hivi. Kutoka hapo ni kushuka hadi uwanjani. Watu hujiandaa kwa kupanda. Ila ukitaka kujua nani alijiandaa vizuri, mwangalie anaposhuka.

Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: unajikaza huku unavutwa kurefuka. Pumzi haikukati, ndiyo maana unadanganyika. Lakini kazi ya aina hiyo huchana nyuzi za misuli kuliko nyingine yoyote, na paja lililochanika halizuii uzito tena. Kilomita tano kabla ya kumaliza miguu inakuwa ya mtu mwingine.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza hili upesi. Kipindi kimoja tu cha kushuka huacha kinga inayodumu wiki kadhaa, na cha pili hakiumi kama cha kwanza. Kwa hiyo fanya hivi: kuanzia wiki ya sita, mara moja kila wiki mbili, panda daladala hadi Mweka na ushuke kwa kukimbia. Utachekwa na kondakta. Anza na kilomita 3, ongeza hadi 8. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, na usijirudishe nyuma kama unayeogopa kuanguka. Kipindi cha mwisho kikali cha kushuka kiwe wiki tatu kabla ya mbio, si karibu zaidi.

Wa Arusha, miteremko ya Ilboru au Moshono inafaa vilevile. Asiye na muda wa milima achuchumae na kusimama, mara 15, seti tatu, mara mbili kwa wiki.

Hatua ya nne: joto, hasa kwa watu wa Arusha

Arusha iko kwenye mita kama 1,400. Hewa yake ni nyembamba kidogo kuliko ya Moshi, na mtu akishuka kukimbia huko hupata nafuu ndogo ya pumzi. Wengi wanaishia kujivunia hilo. Lakini Moshi ya Februari ni moto, na joto linachukua zaidi ya kile mwinuko ulichokupa. Damu inayopaswa kwenda misulini inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unapiga haraka kwa kasi ileile, na sukari inachomwa upesi zaidi.

Mwili huzoea joto ndani ya siku 7 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Kwa hiyo katika wiki tatu za mwisho, hamisha baadhi ya mbio za taratibu kutoka alfajiri hadi saa nne au tano asubuhi, dakika 45 hadi 60, ukiwa na maji. Ukiweza kushuka Moshi wikendi moja, kimbia barabara za upande wa TPC: tambarare, jua, hakuna pa kujificha. Ukihisi kizunguzungu au baridi ghafla kwenye jua kali, acha hapohapo, ingia kivulini ujimwagie maji.

Hatua ya tano: sahani ya kila siku

Siku ya mazoezi ya saa moja, lenga gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo yako. Ugali, wali, ndizi, viazi vitamu, loshoro, uji wa ulezi: vyote vinafika. Hatukosi wanga huku kwetu. Tunachokosa ni muda sahihi, maana wengi wanakimbia saa kumi na moja alfajiri, wanakunywa chai kavu na kula cha maana saa saba mchana. Msuli hujaza glaikojeni kwa kasi zaidi saa za mwanzo baada ya mbio. Kula ndani ya saa moja, na uweke protini gramu 20 hivi: mayai matatu, au maharage na maziwa, au dagaa.

Madini ya chuma yanastahili neno lake, hasa kwa wanawake. Bila chuma mwili hautengenezi hemoglobini ya kubeba oksijeni, na mbio zenyewe huongeza upotevu wake. Maini, nyama nyekundu, dagaa, na mchicha uliokamuliwa limau. Chai na kahawa zisikae kwenye mlo huo, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Zisubiri saa moja au mbili. Vidonge vya chuma usijipangie mwenyewe, pima damu kwanza. Na dada akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo tangu aongeze mazoezi, hiyo si dalili ya kuiva kimichezo. Anakula kidogo kuliko anachotumia, mifupa yake iko hatarini, amwone daktari.

Mwaka 2027, kama ilivyokuwa 2026, Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Mfungaji apeleke mbio nyepesi kwenye saa ya mwisho kabla ya futari, na ngumu baada ya futari. Marathon nzima bila maji kwenye jua la Moshi siishauri kwa yeyote. Kuna mbio nyingine nyingi za kukimbia mwakani.

Hatua ya sita: kula ukiwa njiani

Hapa ndipo dakika nyingi hupotea au kupatikana. Kwa mbio za saa moja hadi mbili na nusu, mwili unanufaika na gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Zaidi ya hapo unaweza kufika 90, kwa sharti kwamba wanga uwe wa aina mbili. Utumbo una mlango mmoja wa glukosi, na hujaa kwenye gramu kama 60 kwa saa. Fruktosi hupita mlango wake. Sukari nyeupe ya dukani, kwa bahati, ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Kwa hiyo huna sababu ya kulia kwamba jeli za wanga za nje ni ghali.

Tengeneza hivi. Maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa, yaani gramu 60 hivi, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu ya kuondoa ladha ya dawa. Nusu lita kwa saa inakupa gramu 30. Ndizi mbivu moja inaongeza kama 25. Hapo una 55, na umetumia pesa kidogo kuliko nauli. Usiongeze sukari bila kipimo. Kinywaji kizito kinakaa tumboni, kinavuta maji kutoka mwilini, na utakitafutia choo kilomita ya 15.

Tumbo nalo hufundishwa. Kunywa na kula kwenye kila mbio ndefu kuanzia wiki ya tano, kidogo kila dakika 20, kabla hujahisi njaa. Ukisubiri mwili uombe, umechelewa.

Kuhusu maji, usifuate kawaida ya mwenzako. Jipime kilo bila nguo kabla ya kukimbia saa moja, jipime tena baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, ongeza ulichokunywa. Lengo si kurudisha yote, ni kutopungua sana. Na kuna hatari ya upande wa pili ambayo haisemwi: kunywa kupita kiasi. Katika Boston Marathon ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi ya damu, imeshuka kuliko kawaida. Dalili kuu ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Wanaokimbia zaidi ya saa nne, wakisimama kila kituo cha maji na kunywa bila kiu, ndio wako karibu na hatari hiyo. Kichwa kuuma, vidole kuvimba, kichefuchefu na kuchanganyikiwa baada ya kunywa sana ni mambo ya hospitali, na maji zaidi yanaweza kuua.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofen zisiguswe siku hiyo. Zikikutana na upungufu wa maji, zinaumiza figo.

Hatua ya saba: wiki mbili za mwisho

Punguza jumla ya kilomita kwa asilimia 40 hadi 60, lakini usiache vipindi vifupi vya kasi. Utajiona mzito na mvivu. Ni kawaida, usitoke kujihakikishia.

Wa marathon nzima aongeze wanga siku mbili za mwisho hadi gramu 8 au 10 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni gramu 480 hadi 600 kwa siku. Nusu kilo ya mchele, ikipikwa na kugawanywa milo mitatu, inatoa 400; uji wenye sukari, mkate na juisi ya miwa vinamalizia. Utapanda kilo moja au mbili, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama tatu za maji. Utayahitaji. Siku moja kabla, makande na maharage yapumzike kwa sababu ya gesi. Mtori ni mlo bora sana wa jioni hiyo: ndizi laini, nyama kidogo, chumvi. Wageni wa mbio wanaokwenda nyama choma usiku ule nimewaona asubuhi, na sina la kuongeza.

Hatua ya nane: asubuhi yenyewe

Amka saa kumi. Vipande vinne vya mkate mweupe wenye asali, na ndizi, saa mbili na nusu kabla ya kuanza. Saa moja kabla, vikombe viwili vya kahawa ya kusaga kama tumbo lako limeizoea: miligramu 3 za kafeini kwa kilo zinapunguza hisia ya uchovu. Kuna kichekesho hapa. Kibosho na Machame wamelima kahawa zaidi ya miaka mia, na wengi bado wanakunywa chai.

Kisha jizuie. Tumelelewa na hadithi ya Filbert Bayi, aliyetoka mbele tangu mwanzo Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini ile ilikuwa mita 1,500. Kwa mbio ndefu mtazame Alphonce Simbu huko Tokyo, Septemba 2025: alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, mbio zikiamuliwa kwenye mita za mwisho baada ya kilomita 42 za uvumilivu.

Kilomita tano za kwanza zikuchoshe kwa wepesi wake. Mwinuko wa Mweka ni wastani wa asilimia 3 hivi, na mwinuko huo huongeza gharama ya nguvu kwa asilimia 15 hadi 20. Aliyekuwa akikimbia dakika 6 kwa kilomita kwenye tambarare ategemee karibu 7 akipanda, kwa pumzi ileile. Usiangalie saa, sikiliza pumzi. Ukigeuza juu, kunywa, kula kilichobaki mfukoni, ndipo ushuke kwa hatua fupi.

Ukimaliza, usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, kunywa kitu cha sukari na chumvi, kula wali na nyama ndani ya saa moja. Siku mbili zinazofuata usikimbie. Ukiweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, toka dakika 20 taratibu, na kama bado unashika ukuta, ngoja siku mbili nyingine.